Mlango wa Kabati Ukilegea
Maneno niliyosema kwenye mkutano wa familia mpya, Jumamosi asubuhi

Najua wapo kati yenu waliotoka zamu ya usiku leo alfajiri, wakalala saa mbili tu, na sasa wamekaa kwenye viti hivi vya plastiki wakisubiri kusikia jambo la maana. Basi leo nitazungumza juu ya milango ya makabati ya jikoni.

Chekeni, chekeni kidogo. Halafu mnisikilize.

Mimi nilifika hapa Ohio nikiwa na miaka 16, na mama yangu na wadogo zangu watatu, tukitokea kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Ninyi mliotoka huko mnajua jiko letu lilivyokuwa. Mafiga, moshi, na vyombo juu ya kichanja nje. Hakuna mlango wa kufungua wala wa kufunga. Siku ile tunaingia kwenye nyumba yetu ya kwanza hapa, mama alisimama katikati ya jiko akahesabu milango ya makabati. Ilikuwa kumi na mmoja. Akasema, "Sasa tutaweka nini humo?"

Mitatu katika hiyo kumi na mmoja ilikuwa mibovu tangu siku ile ile. Mmoja ulining'inia upande, mmoja haukufunga, na wa chini ya sinki ulikuwa umevimba kwa maji. Mimi niliiona. Meneja wa jengo alileta karatasi ya kukagua nyumba, yenye mistari mingi: jiko, bafu, chumba cha kwanza, chumba cha pili, na mbele ya kila mstari visanduku viwili, kimoja cha kitu kizima na kingine cha kitu kibovu. Mama hakujua Kiingereza. Mkalimani nilikuwa mimi, na Kiingereza changu cha shule ya kambini. Nikaweka alama kwenye "kizima" kuanzia mstari wa juu mpaka wa chini. Si kwamba sikuelewa karatasi. Niliona ni adabu. Mtu amekupa nyumba baada ya miaka yote ile, utaanzaje siku hiyo hiyo kumwambia mlango wake ni mbovu?

Mama akaufunga ule mlango unaoning'inia kwa kipande cha kitenge. Miaka miwili tulifungua kabati kwa kufungua fundo. Kila niliposema tumpigie meneja alinikataza. Aliogopa kwamba tukilalamika tutaambiwa tuhame. Siku tulipohama wenyewe, tukapata barua: dola 240 zimekatwa kwenye dipoziti yetu kwa ajili ya milango mitatu ya makabati. Mama akaniuliza, "Lakini si tuliikuta hivyo?" Karatasi yenye alama zangu ilikuwa imeambatishwa na barua ile. Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo sababu ya hotuba hii. Mlango ule ulihitaji bisibisi na dakika kumi. Nilikuja kujua hilo nikiwa chuoni, nilipofanya kazi majira ya joto na fundi mmoja wa kufunga makabati. Siku ya kwanza alinionyesha skrubu mbili ndani ya bawaba, akauzungusha mlango ukanyooka mbele ya macho yangu. Nilikasirika sana, naye akadhani nimemkasirikia yeye.

Sasa twende jikoni. Ukirudi nyumbani fungua mlango wa kabati lolote utazame upande wa ndani, pale mlango unapoungana na kabati. Makabati mengi ya siku hizi yana bawaba isiyoonekana kwa nje. Ndani ya mlango kuna kikombe cha chuma kilichozama kwenye tundu la duara, upana wake milimita 35. Kutoka kwenye kikombe unatoka mkono wa chuma unaokwenda kushika kibao kidogo kilichofungwa kwenye ubavu wa kabati. Bawaba nzima ni hiyo: kikombe, mkono, kibao. Mlango wa kawaida una bawaba mbili, moja juu na moja chini. Mlango mrefu wa kabati la stoo unaweza kuwa na tatu au nne.

Kwenye ule mkono utaona skrubu mbili zimefuatana. Iliyo karibu na mlango husogeza mlango kushoto na kulia. Iliyo nyuma, upande wa ndani ya kabati, husogeza mlango mbele na nyuma, yaani kuukaribisha kwenye kabati au kuuweka mbali kidogo. Kupanda na kushuka ni kazi ya skrubu zinazoshika kile kibao, moja juu na moja chini: unazilegeza kidogo bila kuzitoa, unasogeza mlango, unazikaza tena. Basi mlango una njia tatu za kutembea, na kila njia ina skrubu yake. Ukijua hilo, kilichobaki ni subira.

Tuseme mlango wako umeinama. Upande wa bawaba uko sawa, lakini upande wa kishikio umeshuka, na ukifunga unaparuza mlango wa jirani. Watu wengi hukimbilia kuusukuma juu kwa nguvu. Usifanye hivyo. Kwanza shika mlango uutikise taratibu. Kama unacheza, kuna skrubu imelegea mahali. Kaza zote kwa mkono, ile ya kikombe, ile ya kibao, na ile ya nyuma. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo. Sisemi kwa kubahatisha: katika nyumba nilizotembelea kwa kazi hii, milango mingi iliyopinda ilikuwa na skrubu moja tu iliyolegea, na familia ilikuwa imeishi nayo tangu ifike.

Kama zote zimekaza na mlango bado umeinama, tumia ile skrubu ya mbele. Kwenye bawaba ya juu, vuta mlango uelekee upande wa bawaba. Kwenye bawaba ya chini, usukume uelekee mbali na bawaba. Ukivuta juu na kusukuma chini, ile pembe iliyoshuka upande wa kishikio inapanda. Ni kama kumnyoosha mtoto aliyeegemea ukuta, unashika bega unasogeza na mguu. Zungusha nusu mzunguko tu, funga mlango, rudi nyuma hatua mbili, tazama. Halafu nusu nyingine. Ukiona mlango unakwenda kinyume cha ulivyotaka, hujaharibu kitu, zungusha upande wa pili. Bawaba za kampuni mbalimbali hazizunguki sawasawa, kwa hiyo jicho lako ndilo litakalokuambia.

Kati ya mlango na mlango panatakiwa kuwa na nafasi ya kama milimita 3. Huna rula? Chukua sarafu mbili za senti moja, zibandike pamoja. Unene wake ni milimita 3 na kitu kidogo sana. Zikipita juu na zikipita chini bila kukwama na bila kucheza, mlango umenyooka. Fundi wangu alinifundisha hivyo, na mpaka leo kwenye mkoba wangu kuna senti mbili zilizobandikwa gundi. Wenzangu ofisini wanadhani ni hirizi.

Anza na urefu, yaani kupanda na kushuka, mpaka milango iwe kwenye mstari mmoja juu. Kisha kushoto na kulia. Mbele na nyuma iwe ya mwisho. Ukianza ovyo utarudia kazi mara tatu. Na kama kabati lina milango miwili inayokutana katikati, nyoosha mmoja kwanza, halafu huo mwingine uufuatishe. Ukiigusa yote miwili kwa zamu hutajua upi ndio mkosaji.

Ikibidi kuutoa mlango wote, kwa mfano unataka kusafisha mafuta yaliyoganda, mwite mtu wa pili aushike. Legeza bawaba ya chini kwanza, ya juu iwe ya mwisho. Ukirudisha, ya juu iwe ya kwanza. Ukifanya kinyume mlango utakuangukia mguuni. Bawaba nyingine hazina haja ya bisibisi kutoa mlango, zina kitufe kidogo nyuma ya mkono, ukikibonyeza unatoka, ukiurudisha unasikia "tak".

Kuna nyumba za zamani ambazo bawaba zake zinaonekana kwa nje, kama za sanduku. Hizo hazina skrubu za kusogeza. Unachoweza kufanya ni kukaza, au kulegeza na kusogeza kidogo ndani ya matundu yake kama yameachwa marefu. Zaidi ya hapo si kazi yako.

Wapo wanaozungusha skrubu nayo inazunguka tu bila kukaza, kama kijiko kwenye uji. Hapo tundu limeliwa. Makabati mengi ya nyumba za kupanga si mbao halisi. Ni chembechembe za mbao zilizobanwa kwa gundi, tunaita chipbodi, halafu limebandikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Chipbodi haina nyuzi za kushika skrubu, ndiyo maana nawasihi msitumie drili ya umeme. Bisibisi ya mkono tu. Tundu likishaliwa, toa skrubu, chovya vijiti viwili vitatu vya meno kwenye gundi ya mbao, vijaze humo, vikate sawasawa na uso wa mbao, uache mpaka kesho. Kisha rudisha skrubu ile ile. Usiweke ndefu zaidi. Nimeona mlango ambao skrubu ndefu ilitokea upande wa pili, na mlango huo ulilipiwa.

Dawa hiyo inafaa tundu lililolegea. Haifai chipbodi iliyovimba kwa maji. Ukiona chini ya sinki mbao imevimba kama mkate uliolowa, mlango sio tatizo lako. Tatizo ni bomba linalovuja nyuma, na hilo ni la kumwambia mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Hapa niseme na wazee mafundi, maana mpo, na ninawaheshimu. Baba mmoja, seremala wa miaka mingi, alihamia kwenye nyumba ambayo mlango wa kabati uliparuza. Akatafuta randa, akaupiga randa ubavuni mpaka ukapita vizuri kabisa. Kazi safi. Lakini alikata ile ngozi ya plastiki, chipbodi ikabaki wazi, na kampuni ya nyumba ikamwandikia deni la mlango mzima. Alikuja ofisini na ile barua akaiweka mezani akaniambia, "Mwanangu, mimi nimetengeneza milango ya kanisa." Na ni kweli alitengeneza. Ujuzi wake haukuwa na kasoro, ila nyumba haikuwa yake, na mlango ule ulitengenezwa ili unyooshwe kwa skrubu. Wazee wangu, kabla ya kukata, kutoboa, au kupaka rangi kitu chochote kwenye nyumba ya kupanga, ombeni ruhusa kwa maandishi mpate jibu kwa maandishi. Kukaza skrubu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kukata kunahitaji.

Na kupiga msasa, nawaomba kabisa, msiguse kama nyumba ni ya zamani. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za watu hapa Marekani mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa na rangi hiyo chini ya rangi mpya, hata kwenye milango ya makabati. Ukipiga msasa, vumbi linaingia mikononi mwa mtoto, kisha mdomoni, na risasi huumiza ubongo wa mtoto mdogo. Mnakumbuka kliniki walivyowatoa watoto wenu damu mlipofika? Mojawapo ya vitu walivyopima ni hicho. Mlango wa zamani unaoparuza kila siku nao hutoa vumbi hilo kidogo kidogo, kwa hiyo huo usiuvumilie. Toa taarifa, na sema kuna watoto.

Kuna jambo moja ambalo si la kujaribu wenyewe hata kidogo. Kama milango yote ya kabati la juu imepinda kwa pamoja, au unaona ufa kati ya kabati na ukuta ambao jana haukuwepo, basi milango haina kosa. Kabati lenyewe linatoka ukutani. Kuta za nyumba nyingi hapa ni ubao wa jasi, ndani yake mna nguzo za mbao, mara nyingi kila sentimita 40 hivi. Kabati linatakiwa kushikwa na skrubu zilizoingia kwenye nguzo hizo. Zikiwa zimeshika jasi tupu, siku moja litashuka na vyombo vyake. Na sisi tunaweka nini juu? Unga, mchele, mafuta ya galoni. Ukiona hivyo shusha kila kitu polepole, waondoe watoto jikoni, piga picha, piga simu.

Na mlango wa chini ya sinki usiofunga, mnajua kinachokaa humo. Sabuni za vyombo, dawa za kuzibua bomba, dawa za mende. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma chupa. Mpaka mlango utengenezwe, pandisha vitu hivyo juu kabisa. Mtoto akinywa, namba ya sumu ni 1-800-222-1222, ni bure, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Akizimia au asipopumua vizuri, ni 911 kwanza.

Turudi kwenye ile karatasi, maana ndiyo iliyonileta mbele yenu. Siku ya kuingia nyumba mpya, au hata kama mmeingia wiki iliyopita, fungueni kila mlango wa kabati na kila droo. Kila kisichofunga, kilichopinda, kilichovimba, kiandikwe. Piga picha kwa simu, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, halafu jitumie picha hizo au mtumie mfanyakazi wako wa kesi ili tarehe ibaki. Usiweke alama kwenye "kizima" kwa sababu ya adabu. Meneja hataona umemtukana. Kwake hiyo ni karatasi ya kazi, na kama mimi ningejua hivyo nikiwa na miaka 16, mama asingelipa.

Hapa Ohio, ukishahama na kurudisha funguo, mwenye nyumba ana siku 30 za kukurudishia dipoziti, au kukupa orodha iliyoandikwa ya kila alichokata na sababu yake. Nawe unatakiwa umpe anwani yako mpya kwa maandishi. Wengi husahau hilo, na ndipo njia ya kudai inapokuwa ngumu. Uchakavu wa kawaida, kama bawaba kulegea kwa kufunguliwa miaka, haupaswi kukatwa kwenye dipoziti. Akikata isivyo haki, mahakama inaweza kumwamuru akulipe zile alizozuia na kiasi kingine kama hicho. Majimbo mengine yana sheria nyingine, kwa hiyo msimwambie shangazi yenu wa Kentucky kwamba nimesema ni siku 30.

Na msiache kulipa kodi kwa hasira kwa sababu mlango haujatengenezwa. Ukiacha kulipa, unaweza kufukuzwa hata kama mlango umeanguka kweli. Ipo njia ya kuipeleka kodi mahakamani ikashikiliwa huko mpaka matengenezo yafanyike, lakini ina masharti, na la kwanza ni taarifa ya maandishi. Njoo ofisini kwanza tuifanye pamoja.

Mama Riziki ameniuliza kabla hatujaanza, je, ukiomba matengenezo watakuandika kama mtu msumbufu? Nimemjibu hivi, na nawajibu wote. Sheria ya Ohio inamkataza mwenye nyumba kukupandishia kodi au kukutishia kukufukuza kwa kulipiza kisasi kwamba umelalamika juu ya matengenezo. Siwezi kuwaahidi kwamba kila mwenye nyumba anaifuata. Naweza kuwaahidi kwamba akifanya hivyo, ukiwa na taarifa iliyoandikwa na tarehe yake, una kitu cha kushika mkononi. Mama yangu hakuwa nacho. Alikuwa na kitenge.

Pale nyuma kwenye meza kuna mlango mmoja wa kabati nimeuleta, na ubavu wa kabati, umefungwa bawaba mbili. Nimeupinda makusudi. Kila mtu atapita aunyooshe, na anayefuata nitampindia tena. Vijana msiwasaidie wazazi, waacheni washike bisibisi wenyewe. Kuna bisibisi ishirini za nyota za kuazima, jiandikisheni jina na namba ya simu, mrudishe baada ya wiki mbili. Karibu na hizo kuna karatasi yenye maneno ya Kiingereza ya kumwandikia mwenye nyumba, mmeachiwa nafasi ya tarehe na ya namba ya nyumba tu. Na mlio na karatasi za kukagua nyumba ambazo hamjazirudisha, kaeni upande huu wa dirisha. Nitakaa nanyi mpaka zote zijazwe, chai ipo.